USUKANI UKITIKISIKA, USIONGEZE MWENDO

Ndugu msomaji, kama unaishi Bukoba au Muleba, bila shaka umewahi kupanda pikapu. Labda ulipeleka kahawa. Labda ulisindikiza mikungu ya ndizi kwenda sokoni. Labda ulikuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Rubya. Pikapu ni gari letu la kazi zote.

Hebu fikiri uko katika safari kama hiyo. Mmetoka kijijini kwa barabara ya udongo. Mwendo ni wa polepole. Gari linaruka kwenye mashimo, lakini hakuna jambo la ajabu. Kisha mnaingia kwenye lami. Dereva anakanyaga mafuta. Mshale unapanda: 50, 60, 70. Unapofika karibu na 80, usukani unaanza kutetemeka mikononi mwa dereva. Kwanza kidogo, halafu sana. Dereva hasemi kitu. Anakanyaga mafuta zaidi. Mshale unapofika 95, usukani unatulia. Dereva anacheka. Anasema, "Umeona, mzee? Hili gari linataka mwendo."

Je, gari limetulia kweli? Hapana. Ugonjwa ni ule ule, na sasa mnakimbia zaidi. Katika makala hii tutaeleza ugonjwa huo ni nini, na kwa nini dawa ya dereva huyo ni mbaya.

LAMI ILILETA MWENDO

Wazee wanakumbuka barabara zetu za zamani. Zilikuwa za udongo na changarawe. Mvua ikinyesha, magari yalikwama. Hakuna pikapu iliyoweza kukimbia kilomita 80 kwa saa katika barabara kama hizo. Miaka ya mwanzo ya 2000 lami iliyotoka Mutukula ilipita Bukoba mjini na kufika Muhutwe. Miaka ya 2010 lami iliendelea kutoka Kagoma, wilayani Muleba, hadi Lusahunga. Hayo ni maendeleo makubwa. Mgonjwa anafika hospitali mapema, na ndizi zinafika sokoni kabla hazijaharibika.

Lakini ziko kasoro za gari ambazo hazionekani katika mwendo mdogo. Pikapu inaweza kuwa na tairi mbovu au vyuma vilivyolegea kwa miezi mingi. Kwenye njia ya kijijini dereva hajui. Kila kitu kinatikisika huko, na lawama zote anaitupia barabara. Kwenye lami hakuna mashimo ya kulaumu. Ndipo gari linasema ukweli wake.

Fikiri juu ya jembe ambalo mpini umelegea. Ukipalilia taratibu, unaweza kumaliza tuta zima bila shida. Ukilima kwa nguvu, jembe linageuka mkononi. Jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni nguvu tu.

UDONGO KIDOGO, NGUVU KUBWA

Sababu ya kwanza ya usukani kutetemeka ni tairi isiyo na uzito sawa pande zote. Huenda upande mmoja umelika kuliko mwingine. Huenda rimu imepinda baada ya kugonga shimo. Huenda tairi imetoka kivimbe. Au huenda vimeanguka vile vipande vidogo vya risasi ambavyo fundi hubandika kwenye rimu ili kusawazisha uzito.

Katika mkoa wetu wa Kagera iko sababu nyingine rahisi kabisa, nayo ni udongo. Pikapu ikipita kwenye tope, udongo hujaa ndani ya rimu, upande wa ndani ambao hauonekani ukisimama kando ya gari. Jua likiwaka, udongo ule hukauka na kuwa mgumu kama tofali. Dereva huosha bodi, huosha vioo, lakini ndani ya rimu hagusi.

Unaweza kuuliza, "Udongo mdogo hivyo unawezaje kutikisa gari zima?" Tufanye hesabu pamoja.

Tairi ya pikapu ikizunguka mara moja, gari husogea kiasi cha mita 2 na nusu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linasogea mita 22 kila sekunde. Maana yake tairi inazunguka karibu mara 9 katika sekunde moja. Sasa chukua bonge la udongo la gramu 100. Hilo ni pungufu ya nusu ya robo kilo. Limeganda upande mmoja wa rimu. Katika mwendo huo bonge hilo huivuta tairi kwa nguvu inayozidi kidogo uzito wa kilo 6. Huivuta juu, mbele, chini na nyuma, mara 9 kila sekunde. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, bonge lile lile huvuta kwa nguvu ya kilo 1 na nusu tu. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Ndiyo maana kule kijijini hukuhisi kitu.

Sasa, kwa nini kwenye 95 mtikisiko hutoweka? Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Ukisukuma kwa kufuata mwendo wa bembea, mtoto hupanda juu sana, hata kama mkono wako una nguvu ndogo. Ukisukuma harakaharaka bila kufuata mwendo wake, bembea haipandi. Tairi na vyuma vya mbele vya gari pia vina mwendo wao wa kuchezea. Katika gari hili tulilolitaja, kwenye 80 bonge la udongo husukuma kwa kufuata mwendo huo. Kwenye 95 linasukuma haraka mno, kwa hiyo mikono ya dereva haihisi sana. Lakini bonge bado lipo, na sasa linavuta kwa nguvu ya karibu kilo 9. Beringi zinaumia. Tairi inalika. Tena dereva huyo atakapotaka kusimama, lazima mshale urudi 80. Huenda atarudi hapo akiwa anakanyaga breki kwa hofu, mbele yake kuna ng'ombe au mtoto.

MTIKISIKO MKALI

Huo tulioueleza ni mtetemo wa kawaida. Uko mwingine mbaya zaidi. Huu hauji kidogo kidogo. Pikapu inakwenda vizuri. Inagonga ukingo wa shimo, au mahali lami inapokutana na daraja. Ghafla tairi za mbele zinaanza kupigapiga kushoto na kulia kwa nguvu. Usukani unarukaruka mkononi. Sehemu yote ya mbele ya gari inatikisika kama inataka kuvunjika. Nao hauishi wenyewe mpaka gari lipunguze mwendo sana.

Waendesha baiskeli wanaujua ndugu yake mdogo. Ukiteremka mlima kwa kasi na baiskeli iliyolegea, usukani huanza kucheza kushoto na kulia, na ukiogopa na kuubana zaidi, mara nyingine hali huwa mbaya zaidi.

Mtikisiko huu mkali hupata hasa magari ambayo tairi mbili za mbele zimeunganishwa na ekseli moja nzima. Pikapu za Toyota Land Cruiser tunazoziona kila siku zina ekseli ya namna hiyo. Hilux za zamani za miaka ya 1980 zenye kuvuta kwa tairi nne nazo zinayo. Ekseli nzima ni imara na inafaa sana kwa njia mbaya. Si kosa kuwa nayo. Lakini tairi ya kushoto ikirushwa, nayo huirusha ya kulia. Ya kulia hurudisha kwa ya kushoto. Kama vyuma vimekaza, mchezo huo hufa mara moja. Kama vimelegea, unakua. Hilux mpya hazina ekseli ya namna hiyo mbele. Hizo husumbuliwa zaidi na ule mtetemo wa kwanza, wa tairi.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu, wala si la magari makuukuu tu. Miaka ya 1920 magari ya Ulaya na Marekani yalisumbuliwa nalo sana, na wahandisi walihangaika miaka mingi. Hata leo Wamarekani wana jina lao kwa mtikisiko huu, nalo maana yake ni mtikisiko wa mauti. Mwaka 2019 kampuni inayotengeneza Jeep Wrangler ilitangaza kubadilisha bila malipo kifaa kimoja cha usukani katika magari yaliyokuwa bado mapya kabisa.

Kifaa hicho ni shokapu ya usukani. Imelala mbele, imeshikana na vyuma vinavyogeuza tairi. Kazi yake ni kupunguza mirusho. Fundi wengi wakisikia usukani unatikisika, jambo la kwanza wanalofanya ni kufunga shokapu mpya. Sisi hatukubaliani na dawa hiyo ikiwa ni peke yake. Shokapu mpya inaweza kuficha ugonjwa kwa wiki kadhaa. Vyuma vilivyolegea vinaendelea kulegea. Ni sawa na mtu mwenye malaria anayemeza dawa ya kutuliza kichwa, akajiona amepona.

VYUMA GANI VINALEGEA?

Hapa twende taratibu, maana ndipo penye kazi. Kama gari si lako, soma hivyo hivyo. Siku moja utakodi gari, au kikundi chenu kitanunua pikapu, na itakubidi kuzungumza na fundi bila kubabaishwa.

Fundi aweke gari mahali tambarare. Avute breki ya mkono na kuzuia tairi za nyuma kwa mawe makubwa. Anyanyue upande mmoja wa mbele kwa jeki, kisha aweke gogo nene chini ya ekseli. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza.

Sasa ashike tairi kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini. Avute na kusukuma. Tairi nzuri haichezi. Ikicheza, mtu mwingine akanyage breki kwa nguvu huku fundi akijaribu tena. Kama mchezo umekwisha, beringi za tairi zimelegea. Kama bado unacheza, tazama beringi za kingpini, yaani pale tairi inapogeukia kushoto na kulia. Baada ya hapo ashike tairi upande wa kushoto na upande wa kulia, atikise tena. Ikicheza, tairodi zake zatiliwa shaka. Tairodi ni vyuma vinavyounganisha usukani na tairi.

Halafu gari lishushwe chini. Mtu mmoja akae kwenye usukani, injini ikiwaka, gari limesimama na breki imevutwa. Ageuze usukani kidogo tu kushoto na kulia, mara nyingi. Fundi achuchumae kando na kutazama kila kiungo. Kiungo kizima hugeuka pamoja na mwenzake. Kibovu hutangulia au huchelewa, na mara nyingi hugonga.

Katika Land Cruiser zenye springi za mviringo mbele, kuna chuma kirefu kilicholala kwa upana. Upande mmoja kimefungwa kwenye fremu, upande wa pili kwenye ekseli. Kinazuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Mwisho wake kuna bushi za mpira. Bushi hizo zikiisha, au tundu la bolti likipanuka, ekseli nzima inakuwa na nafasi ya kucheza. Bushi ni kipande kidogo, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja. Lakini mara nyingi ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu haitoi mafuta wala haipigi kelele kubwa.

Kuna ishara nyingine za kumsaidia fundi. Usukani ukitetemeka, tatizo mara nyingi liko mbele. Kiti kikitetemeka na usukani umetulia, tazama tairi za nyuma au propela shafti. Usukani ukitetemeka wakati wa kukanyaga breki tu, tazama diski za breki. Mwambie fundi ishara uliyoiona na mwendo uliouona. Usimwambie tu, "Gari linatikisika." Mwambie, "Linaanza kwenye 75, linazidi kwenye 80, na linakuwa baya tukipita darajani." Maneno hayo yatampunguzia fundi nusu ya kazi.

MZIGO NAO UNA LAKE

Umewahi kuona watoto wakichezea gogo, mmoja huku na mwingine kule? Huyu akishuka, yule anapanda. Pikapu pia iko hivyo. Ukilundika mikungu ya ndizi mwisho kabisa wa bodi, nyuma ya tairi za nyuma, mbele ya gari huinuka. Tairi za mbele zinaikanyaga lami kidogo. Usukani unakuwa mwepesi, na tairi zinapata nafasi ya kurukaruka. Mzigo mzito ukae karibu na kabini, na usizidi uwezo wa gari.

Wenye pikapu wengi huongeza springi za nyuma ili wabebe zaidi. Gari likiwa tupu, nyuma hukaa juu na pua huinama. Hapo pembe ya vyuma vinavyofanya usukani urudi katikati wenyewe hupungua. Ndiyo maana pikapu nyingine huenda vizuri zikiwa na mzigo, halafu zinatikisika wakati wa kurudi tupu. Dereva hushangaa, maana alidhani gari tupu ndilo salama.

Na watu? Hatupendi kuona watu wamekaa juu ya magunia katika gari linalokimbia kwenye lami. Tunajua kwa nini wanapanda. Gari ni moja na safari ni ya lazima. Lakini usukani ukianza kurukaruka, aliye kwenye kabini ana mlango, na labda mkanda. Aliye juu ya magunia hana chochote cha kumshika.

LIKITOKEA UKIWA NJIANI

Ndugu dereva, mtikisiko mkali ukianza, shika usukani kwa mikono miwili. Ushike imara, lakini usipigane nao. Ondoa mguu kwenye mafuta. Usikanyage breki kwa nguvu za ghafla. Usikate kona ghafla kwenda pembeni. Acha gari lipungue mwendo likiwa limenyooka. Mtikisiko ukipungua, kanyaga breki taratibu, washa taa za hatari, na usimame nje ya lami. Weka alama za pembetatu. Kisha zunguka gari. Gusa kila nati ya tairi. Tazama kama tairi ina kivimbe au imekosa upepo. Chungulia ndani ya rimu, na kama kuna udongo, uchokoe kwa kijiti mpaka uishe. Kama nati zimelegea, zikaze hapo hapo. Kama chuma cha usukani kimelegea, usiendeshe tena. Mwite fundi aje. Kama hujaona kitu, nenda polepole hadi gereji, wala usijaribu kama "limepona".

Nawe abiria, una mdomo. Wengi wetu tunakaa kimya kwa heshima. Tunasema gari ni la mwenyewe na dereva ndiye anayejua. Wengine wanaogopa kushushwa njiani. Lakini unaweza kusema kwa adabu: "Ndugu dereva, naona usukani unatikisika. Tafadhali tupunguze mwendo, hatuna haraka." Mama mwenye mtoto anaweza kusema hivyo. Mzee anaweza kusema, na vijana wa kwetu bado wanawasikiliza wazee. Mwenye mzigo ana nguvu zaidi, kwa sababu ndiye anayelipa. Tuseme umekodi pikapu kutoka Kamachumu kwenda Bukoba mjini. Kabla ya kupakia, muulize dereva: "Usukani wako ukoje kwenye lami?" Akijibu, "Unatikisika kidogo, lakini ukikimbia unaacha," tafuta gari lingine.

Kwenye makazi ya watu sheria inasema mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Barabara yetu kuu inapita kati ya makazi mengi. Dereva anayekimbia ili "kuvuka" mtikisiko anakimbia mbele ya milango ya watu, na pembeni wapo watoto wanaotoka shule.

Kazi nyingine haina gharama kubwa. Baada ya kupita kwenye tope, osha rimu ndani na nje. Pima upepo asubuhi kabla tairi hazijapata moto, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ukinunua tairi, hata kama ni za mtumba, mwambie fundi azisawazishe kwa mashine kabla hujaingia lami. Bukoba mjini wapo wenye mashine hiyo. Na kila tairi ikifunguliwa kwa sababu yoyote, hata kwa pancha, nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Nati iliyokazwa leo asubuhi Muleba inaweza kuwa imelegea jioni ukifika Bukoba, kwa sababu rangi na udongo uliobanwa kati ya rimu na nati hukaa chini baada ya mwendo. Ni kazi ya dakika 5. Spana iko chini ya kiti.